MALINDI: MJI ULIOMNGOJA MGENI

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Husema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali ya kwanza humkaribisha mgeni kwa mikono miwili. Ya pili humkumbusha mwenyeji kwamba nyumba haiendeshwi kwa ugeni, bali kwa kazi. Katika pwani yote ya Afrika Mashariki ni vigumu kuupata mji uliozionja methali hizi mbili, utamu na uchungu wake, kama Malindi.

Mji huo uko katika Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, yapata kilomita 120 kaskazini ya Mombasa, kusini kidogo ya mlango wa mto Sabaki. Kwa watu wengi jina lake humaanisha mambo mawili tu: ufuko wenye hoteli za watalii, na nguzo ya Vasco da Gama iliyosimama juu ya jabali la baharini. Mgeni huletwa penye nguzo, hupigwa picha, kisha hurudishwa hotelini. Hata mwanafunzi aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo mara nyingi huijua tarehe ya Mreno kuliko jina la babu yake wa nne.

Hapana budi basi kuuliza: je, huo ndio urithi wa Malindi? Na kama sio wote, uliobaki ni upi, na ni nani mwenye wajibu wa kuutunza?

KABLA YA NGUZO

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba historia ya Malindi ilianza siku merikebu za Wareno zilipotia nanga. Mwaka wa 1154, zaidi ya karne tatu kabla ya siku hiyo, mwanajiografia Al-Idrisi aliandika habari za mji uitwao Malindi, ambao watu wake walivua samaki, waliwinda na kuchimba chuma. Wapo wataalamu wanaohoji kama mji alioutaja ulisimama mahali hapa hapa au kwingine katika pwani hii. Lakini jambo moja halina ubishi, nalo ni kwamba jina hilo lilikuwa limekwisha kuvuka bahari.

Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle wa Uchina. Wachina walistaajabu, wakamfananisha na qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, ambaye huaminiwa kuonekana katika zama za mtawala mwema. Baada ya hapo merikebu za Amiri Zheng He zilifika pwani hii katika safari ya miaka ya 1417 hadi 1419. Mwaka wa 2010 wachimbaji wa mambo ya kale wa Kenya na Uchina, waliofanya kazi karibu na Mambrui, kaskazini ya mji, waliokota sarafu ya enzi za mfalme huyo huyo. Jambo lililosomwa vitabuni likathibitishwa na udongo.

Kusini ya Malindi, karibu na Watamu, yako magofu ya Gedi. Huo ulikuwa mji wa Waswahili wenye kuta mbili, jumba la mtawala, msikiti mkuu, visima na nyumba za mawe. Mji huo uliachwa katika karne ya 17, msitu ukaufunika. Ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka wa 1927. Kuanzia mwaka wa 1948 James Kirkman aliuchimba kwa muda wa miaka kumi, akapata vyombo vya kaure vya Kichina, shanga na vitu vingine vya kigeni. Mwezi Julai, 2024, Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mambo hayo yanafundisha nini? Yanafundisha kwamba wakazi wa pwani hii hawakuwa watu waliokaa ufukoni wakingoja kugunduliwa. Walikuwa wajenzi, mabaharia na wafanya biashara. Walizijua pepo za kaskazi na kusi, na waliwapokea wageni wengi bila kuwa watumishi wa mgeni hata mmoja.

KARAMU YA 1498 NA GHARAMA YAKE

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya mwezi wa Aprili, 1498, akitoka Mombasa ambako alipokewa kwa mashaka. Malindi na Mombasa zilikuwa zikishindana siku nyingi. Mfalme wa Malindi aliona katika wageni hao wenye mizinga nafasi ya kumshinda jirani yake. Akawapa vyakula, akawafanyia sherehe, na juu ya yote akawapa rubani.

Thamani ya rubani huyo yaweza kupimwa kwa siku. Merikebu ziling'oa nanga tarehe 24 Aprili, zikaiona India kabla ya mwezi mmoja kutimia. Wakati wa kurudi, Wareno waliondoka bila kungoja majira ya upepo, wakahangaika baharini kwa karibu miezi mitatu. Mabaharia wengi walikufa kwa maradhi ya kukosa matunda na mboga. Waliponusurika, walinusurika Malindi, Januari 1499, ambako walipewa machungwa na nyama. Ndipo iliposimamishwa nguzo ya urafiki.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Oman. Wachunguzi wa siku hizi wengi wanalikataa jambo hilo, wakiona kwamba huenda alikuwa baharia wa Gujarati. Vyovyote iwavyo, yafaa izingatiwe kwamba jina la aliyeongozwa limechongwa katika mawe na kupewa barabara, na jina la aliyeongoza halikuandikwa.

Na mwenyeji je, alipona? Kwa miaka tisini hivi alionekana kupona. Mwaka wa 1505 Wareno waliteka nyara Kilwa na Mombasa, lakini Malindi iliachwa salama. Kapteni wa Wareno wa pwani alikaa Malindi. Padri Francis Xavier alipitia hapo mwaka wa 1542 akielekea Goa, na kanisa dogo linalohusishwa na siku zile lingalipo hadi leo. Mji ukaufunga ustawi wake kwenye mlingoti wa mgeni mmoja.

Kisha mgeni akahama. Mombasa ilipokwisha kutiishwa, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Kapteni akahamia huko, na Sultani wa Malindi akahamishiwa huko pia ili atawale chini ya kivuli chao. Bandari ya Mombasa ilikuwa nzuri zaidi, na mgeni hakuwa na haja tena ya rafiki wa zamani. Biashara ikafifia, nyumba zikabomoka.

Hatima ya ukoo wa Malindi ilikuwa mbaya zaidi. Sultani Hasan bin Ahmed aligombana na makapteni wa Kireno, akauawa mwaka wa 1614. Mtoto wake, Yusuf, alichukuliwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo. Alirudishwa Mombasa kuwa sultani, lakini hakusahau. Mwezi Agosti, 1631, aliingia ngomeni, akamwua kapteni na kuiteka ngome yote. Hivyo ndivyo ulivyokwisha urafiki ulioanza kwa karamu ya 1498. Nguzo inaeleza mwanzo wake tu. Mwalimu ndiye anayepaswa kueleza mwisho.

GHALA LA NAFAKA LILILOJENGWA KWA MINYORORO

Malindi ililala kwa muda mrefu. Ilifufuliwa mwaka wa 1861, pale Sultani Majid wa Zanzibar alipowapeleka walowezi pamoja na askari wa Kibaluchi wa kuwalinda. Udongo ulikuwa na rutuba, na katika muda wa miaka michache mji ukawa ghala la nafaka. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni.

Lakini jembe la mavuno yale lilishikwa na watumwa. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mashamba ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki, aliiweka Malindi pamoja na Zanzibar na Mombasa, kwa kuwa mfumo ulikuwa mmoja: ardhi ya wachache, jasho la wengi.

Watu hao hawakukubali tu kunyamaza. Wengi walitoroka, wakajenga vijiji vyao ndani ya bara, huko Makongeni, Fuladoyo na kwingineko. Waliitwa watoro, na jina hilo lilisemwa kwa dharau. Kumbe walikuwa wanaanzisha jamii mpya, wakilima mashamba yao wenyewe na kulinda uhuru wao kwa silaha. Vijiji hivyo ni sehemu ya urithi wa Malindi sawa sawa na nguzo ile ya jabalini, ingawa ni watalii wachache sana wanaopelekwa huko.

Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani mwaka wa 1907, uchumi wa mashamba makubwa ulianguka. Ukoloni wa Kiingereza, uliokuwa umetangaza himaya yake mwaka wa 1895, ukaleta Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Aliyedai ardhi ya pwani alitakiwa kuthibitisha milki yake, na iliyokosa mwenye kuthibitisha ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Mfalme. Wachache wakapata hati. Wengi wa Mijikenda, na wale waliokuwa watumwa, hawakuwa na karatasi yoyote isipokuwa makaburi ya wazee wao na minazi waliyoipanda. Hao ndio waliogeuzwa maskwota katika ardhi waliyoilima. Tatizo hilo halikumalizika na bendera ya 1963, na lingali mezani kwa maofisa wa ardhi hata leo.

MWANAMKE ALIYEKATAA

Serikali ya kikoloni ilitaka wafanyakazi kwa ajili ya mashamba ya walowezi na wapagazi kwa ajili ya kazi zake. Iliwatazama Wagiriama, waliokuwa wakilima kwa mafanikio kaskazini ya Sabaki na kuuza mahindi yao wenyewe, ikaona kwamba mtu mwenye chakula ghalani haendi kuwa kibarua wa mtu mwingine. Dawa iliyotungwa ilikuwa kodi, shuruti na kuwahamisha.

Mwaka wa 1913 mwanamke mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwaita watu. Huko Kaya Fungo wanawake na wanaume walikula kiapo cha kukataa kutoa wafanyakazi. Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwezi Januari, 1914, wakatoroka, wakarudi kwa miguu mwendo wa mamia ya kilomita. Wakakamatwa tena. Agosti ya mwaka huo kaya takatifu ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, faini kubwa ya rupia ikatozwa, na Wagiriama wakafukuzwa kaskazini ya mto. Baada ya miaka michache Serikali ililazimika kuwaruhusu kurudi. Mekatilili naye alirudi kwao mwaka wa 1919.

Leo katika mji wa Malindi iko bustani yenye jina lake na sanamu yake. Hilo ni jambo jema. Mwaka wa 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda nayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Lakini sanamu peke yake haifundishi. Mtoto apitaye mbele yake akienda shule atajua tu kwamba kulikuwa na mwanamke, isipokuwa mwalimu amweleze alikataa nini, na kwa sababu gani.

MGENI WA TATU: MTALII

Katika miaka ya 1930 hoteli za kwanza zilifunguliwa ufukoni, miongoni mwao ile ya Lawford, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Kiingereza. Walowezi wa nyanda za juu waliteremka kupumzika. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alifika mwaka wa 1934 kuvua samaki wakubwa. Mwafrika aliingia katika hoteli hizo kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi, dobi au mtunza bustani.

Mwaka wa 1940 ndege za Waitalia zilidondosha mabomu Malindi. Miaka ishirini na kitu baadaye Waitalia hao hao walirudi, safari hii wakiwa wataalamu. Huko Ngomeni walisimamisha baharini jukwaa la San Marco la kurushia setilaiti, na la kwanza kurushwa hapo liliruka Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Setilaiti ya mwisho ilirushwa hapo mwaka wa 1988.

Nyuma ya wataalamu walikuja watalii na wenye mitaji. Hoteli na nyumba za fahari ziliongezeka, na vijana wa mji wakajifunza Kiitalia mitaani, wakakisema kwa ufasaha. Mwaka wa 1968 bahari ya Malindi pamoja na matumbawe yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa, miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Ajira ilipatikana, shule zikajengwa, soko la samaki na mboga likapanuka. Itakuwa ni kukosa haki kuyakana mema hayo.

Lakini somo la 1593 halikufutika. Machafuko ya pwani ya mwaka 1997 yalipotokea, wageni waliacha kuja. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipozuka, waliacha tena. Ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege mwaka wa 2020, vitanda vikabaki vitupu, na mhudumu wa hoteli, mchonga vinyago, mwenye mashua na mama mwuza samaki wote wakalala njaa kwa pamoja. Mji uliofunga ustawi wake kwenye mlingoti mmoja hutikisika kila mlingoti utikisikapo.

WAJIBU

Hakuna asemaye kwamba mgeni afukuzwe. Watu wa pwani hawakuumbwa hivyo, na tumbo la mwenye watoto halishibi kwa maneno makali. Linalotakiwa ni mgeni akute nyumba yenye mwenyewe.

Mwenyewe huyo hutambulikana kwa mambo matatu. La kwanza ni kujua. Mwalimu wa Malindi hana upungufu wa zana za kufundishia. Makaburi ya minara yaliyo kando ya msikiti mjini, jumba la makumbusho katika Nyumba ya Nguzo, magofu ya Gedi, kaya na vijiji vya watoro ni vitabu vilivyofunguliwa. Wazee wanaokumbuka simulizi za mababu zao wanapungua kila mwaka. Darasa likitumwa na daftari na kalamu kwa wazee hao leo, litaokoa kitu ambacho kesho hakuna fedha itakayokinunua.

La pili ni kulinda. Iko sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, lakini sheria haina macho, macho yake ni ya mtumishi wa umma. Ofisa anayepitisha ramani ya jengo juu ya kaburi la kale, au anayeruhusu njia ya wavuvi kwenda pwani izibwe kwa ukuta, hafanyi kosa la karatasi tu. Anakatisha ukurasa wa historia na kufunga mlango wa riziki kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo mto Sabaki. Maji yake huja mekundu wakati wa mvua kwa udongo uliomomonyolewa bara, na tope lake huifunika ghuba na kuyatishia matumbawe. Mkulima wa bara asiyesaidiwa kuhifadhi udongo, mvuvi na mwenye hoteli wamefungwa kamba moja, hata kama hawajuani.

La tatu ni kuwa na jembe. Ardhi ile ile iliyolisha Zanzibar na Arabuni yaweza kulisha hoteli za ufukoni na wenyewe pia, mradi mkulima awe na uhakika wa ardhi anayoilima. Mji wenye shamba, uvuvi na ufundi humkaribisha mgeni bila kutetemeka, kwa sababu akiondoka, chungu hakitoki mekoni.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma,

Swali la Malindi ni swali la Lamu, la Bagamoyo, la Kilwa na la kila mji wa pwani unaojipamba kwa ajili ya macho ya watu wa mbali. Nguzo ya Mreno na isimame pale ilipo, kwa kuwa nayo ni ushahidi. Lakini mtoto anapoletwa mbele yake, aonyeshwe bahari aliyoivuka twiga, aambiwe habari za rubani asiye na jina, za Sultani Hasan na mwanawe Yusuf, za watoro wa Makongeni na za mwanamke aliyerudi kwa miguu kutoka Kisii. Akishayajua hayo, na mgeni aje. Atamkuta mwenyeji amesimama mlangoni pake mwenyewe.